Waya wa Kasi

Ndani ya treni, DJ mmoja wa kike alikuwa ameipakata mashine yake ya kuchezeshea muziki kama mtoto mwenye homa. Kwenye sherehe ya kustaafu kwa baba yake, muziki wake ulikwama mzee akiwa anacheza, mguu mmoja juu. Leo mzee huyo, aliyefiwa na mkewe miaka kumi iliyopita, anaoa tena.

"Safari hii nimeinunulia waya wa USB wenye kasi kuliko zote," DJ alimwambia jirani yake wa kiti, fundi kompyuta mwenye mvi.

"Umempa asiyeomba, binti yangu. Mashine hiyo inapitisha data kidogo tu. Mwenye njaa ya kasi ni hiyo diski yenye nyimbo uliyoiweka juu yake."

"Mzee wangu, mashine ndiyo inayosikia vidole vyangu! Ikichelewa, baba anaumbuka."

"Diski ndiyo iliyomwumbua."

"Kwani umewahi kuchezesha muziki harusini?"

"Nimewahi kuoa."

Tuliokaa karibu tuliangua kicheko, na DJ naye akacheka hadi machozi.

Treni iliposimama, walishuka pamoja wakiendelea kubishana, fundi amembebea spika. Kituo ambacho fundi alisema angeshukia tulikuwa tumekipita zamani.