Mama Katungu Anastaafu, Kadi Yake Imekataliwa

Jumamosi tarehe 31 Januari 2026, Mama Émérance Katungu anafunga daftari la wanachama kwa mara ya mwisho, baada ya kulitunza kwa miaka ishirini na miwili na miezi minne. Daftari hilo ni la Tubebane, chama chetu cha bima ya afya, au "mutuelle" kama Goma nzima inavyosema. Kila familia inatoa mchango wake kila mwezi, na mtu akiugua, chama kinabeba sehemu kubwa ya matibabu. Kesho yake, Jumapili, Mama Katungu mwenyewe hatakuwa na bima. Ana sukari, anajidunga insulini kila siku, na kanuni tuliyoipitisha Novemba inasema mgonjwa wa namna hiyo haandikwi upya.

Komite imeniomba niandike maneno ya furaha. Nitayaandika, maana mazuri yake ni mengi na nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na mmoja. Lakini msomaji akiona kalamu inakwaruza hapa na pale, asishangae.

Mama Katungu ni mtoto wa Butembo. Alifika Goma akiwa mke wa mfanyabiashara wa maharagwe, akabaki mjane mapema, akalea watoto wanne mtaani Majengo. Alipoanza kazi tarehe mosi Oktoba 2003, Tubebane ilikuwa na familia arobaini na tatu, na ofisi yake ilikuwa benchi moja kwenye kona ya ukumbi wa parokia. Leo tuna familia zaidi ya elfu moja na mia tisa, kuanzia Majengo na Mabanga hadi Ndosho. Theluthi mbili ya majina hayo yameandikwa kwa mkono wake, ule mwandiko uliosimama wima ambao masista walimfundisha kwa fimbo. Hakuna jina aliloliandika vibaya, isipokuwa langu, na hilo aliliandika vibaya makusudi mwaka mzima kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini.

Wageni wa chama hawajui kwa nini tunasema "chungu kimoja". Ni kanuni ya zamani: wote wanaokula chungu kimoja wanaandikwa pamoja, wazima kwa wagonjwa. La sivyo kila baba angemwandikisha mkewe mwenye mimba na mama yake mwenye presha, wale vijana wenye nguvu akawaacha nje, na mfuko ungekauka kabla ya Pasaka. Watu wakajifunza kuficha watoto wazima kwa jirani. Mama Katungu naye akajifunza kufika nyumbani kwa watu saa saba mchana, chakula kikiwa mezani.

Papa Achille, muuza vipuri vya pikipiki wa Ndosho, anaijua dawa hiyo. Mwaka 2009 alimpokea mlangoni akasema, "Tuko wawili tu, mama, miye na bibi yangu." Mama Katungu alichungulia ndani, akaona ugali mkubwa kama kiti cha padri. Akamuuliza, "Sasa Papa Achille, hii bugali munakula na nani? Na bamalaika?" Malaika saba walitokea nyuma ya nyumba mmoja mmoja, wakaandikwa wote. Miezi miwili baadaye mkewe alipasuliwa ili mtoto atoke, na chama kikalipa. Papa Achille alileta kuku ofisini. Wafanyakazi wakamla.

Njia hiyo ya saa saba ilimwangusha mara moja tu. Kule Mabanga aliingia kwenye ua mmoja, akakuta watu wanakula wamejaa hadi barabarani, akatoa kalamu akaanza kuandika bila kuuliza. Alifika jina la thelathini na moja ndipo mzee mmoja akamshika mkono: "Mama, awa banakula kilio. Tunatosha matanga." Alikaa chini, akaomba msamaha, akalia na wenye msiba mpaka jioni. Karatasi ile ya chungu cha watu thelathini na mmoja tunayo bado ofisini, na kila mfanyakazi mpya anaonyeshwa siku ya kwanza. Familia sita kati ya wale waliokuwa pale zilikuja kujiandikisha wiki iliyofuata, ambazo ni zaidi ya nilizowahi kupata mimi kwa matangazo ya redio.

Volkano ilipotoka Mei 2021 na mji ukakimbilia Sake, alifunga daftari mgongoni kwa kitenge akatembea nalo. Januari ya mwaka jana, vita ilipoingia mjini, alikwenda hospitali siku ya tatu, risasi hazijanyamaza sawasawa, kuthibitisha kadi za wanachama waliolala kwenye korido. Hayo yamesemwa sana na yeye hapendi yasemwe. Nayapita.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2025 ulituvunja mgongo. Msaada wa Waamerika ulikatwa, na vituo vilivyokuwa vinatoa dawa bure vikaanza kututumia bili. Benki zilifungwa na akiba yetu ikabaki ndani. Wagonjwa wa kudumu, wa sukari, wa presha, wa figo, walikuwa wachache, lakini walikula zaidi ya theluthi ya mfuko. Mama Dorine, rais wetu wa komite, hakusema uongo alipotuambia kwamba tumebakiwa na miezi miwili. Akaleta pendekezo: wagonjwa wa kudumu walio ndani wabaki, wapya wasipokelewe, na anayetoka kwa sababu yoyote akirudi ahesabiwe mpya.

Mkutano mkuu ulikaa tarehe 22 Novemba. Wakati ule Amerika walikuwa wametoka tu kwenye ugomvi wao mkubwa wa bima ya afya. Serikali yao ilifunga ofisi kwa siku arobaini na tatu, chama kimoja kikitaka serikali iendelee kuwasaidia watu kulipia bima, kingine kikikataa. Goma haina mtu asiyefuata habari za Amerika. Ukumbi uligawanyika, waliotaka kuwapokea wagonjwa tukawaita "badémocrate", waliokataa "barépublicain", na vijana wakacheka hadi Mama Dorine akagonga meza. Papa Achille alisimama wa kwanza. "Hata Amerika yenyewe inashindwa! Ile inchi ya bilioni na bilioni inafunga mabiro ju ya assurance. Sisi wa Ndosho tutaweza wapi?"

Baada yake nilisimama mimi, kwa kuwa siku hiyo nilikaa na wanachama, si kwenye meza ya waandishi. Niliwaambia watu kwamba Amerika wameanza kuwatoa wagonjwa wa zamani kwenye bima ili wazima wapone. Nilikuwa nimelisikia hilo kwenye sauti moja ya WhatsApp iliyopita mikononi mwa watu mia kabla ya kunifikia, sikuisikiliza hata mwisho. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Watu walinipigia makofi, na nakiri niliyapenda.

Mama Katungu alinyanyuka kwenye meza ya waandishi, mahali ambapo mfanyakazi haruhusiwi kutoa maoni, akasema tu, "Gauthier, hapana. Kule sheria inakataza kukatala mutu ju ya ugonjwa alikuwa nayo mbele. Banagombana ju ya nani ataongeza feza. Haiko ju ya nani atatoka." Mama Dorine alimwomba akae, kwa mujibu wa kanuni. Akakaa. Tukapiga kura kwa mikono: mia moja na kumi na nane walikubali, tisini na saba walikataa. Wengi walinyanyua mikono wakinitazama mimi. Aliyehesabu mikono ni Mama Katungu, na wangu aliuhesabu.

Usiku huohuo nilitafuta habari kamili. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Matajiri wale, pamoja na kelele zao zote, katika ugomvi ule hawakuwa wamegusa lile neno moja, la kutomkataa mgonjwa, ambalo sisi tulilifuta kwa dakika tano tukiwataja wao. Sikumwambia mtu. Ninamwambia kila mtu leo, na nimechelewa.

Sukari yake tunaijua ofisi nzima tangu 2017. Chupa yake ya insulini hukaa kwenye baridi ya frigo ya muuza jus wa Majengo, kati ya maracuja na nanasi. Wakati wa kura hakuna aliyekumbuka, kwa sababu mfanyakazi analindwa na ajira yake, na kadi yake haikuwa na shida. Kustaafu ndiko kunakomtoa. Akitaka kurudi ni mwanachama mpya, mwenye miaka sitini na mitano na ugonjwa wa kudumu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu: siku tulipopiga hesabu hiyo ndipo tuliposikia uchungu, wala haukuwa mwilini mwetu.

Tarehe sita Januari alimpokea wa kwanza wa kukataliwa, mama Nyirakamana, muuza nyanya wa Mabanga, mwenye presha. Alikuwa amejaza fomu kwa ukweli, kila swali. Mama Katungu alimweleza kanuni polepole. Nyirakamana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mama, ningesema uongo, ningepata kadi?" Mama Katungu, mwenye jibu kwa kila mtu wa mji huu, alinyanyuka kitini. Alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakaa na kofia ya kalamu mkononi.

Komite ilipoona zamu yake inakaribia ilitaka kumfanyia upendeleo: barua moja, sahihi tatu, mambo yaishe. Alikataa mbele yetu sote. "Mukiniandika miye, Nyirakamana mutamuambia nini? Ati yeye hakushikaka funguo ya biro?" Baadaye, tulipobaki wawili, nilimwomba aache wazi lile swali la ugonjwa, mimi nitafumba macho. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Miaka yote nafukuzaka batu ba kuficha," akasema. "Sasa unataka nijifiche mu daftari yangu mwenyewe?" Akaandika kwa mwandiko wake wima: sukari, tangu 2017, insulini. Kisha akachukua muhuri, kwa kuwa hadi tarehe 31 muhuri ni wake, akagonga "REJETÉ", imekataliwa, juu ya jina lake.

Nilidhani ni hasira au kiburi cha Wanande, watu wa kwao Butembo. Nilikosea tena. Kifungu cha 19 cha kanuni zetu kinasema mtu ambaye faili yake imekataliwa ana haki ya kusema mbele ya mkutano mkuu unaofuata, na mkutano unalazimika kupiga kura upya juu ya kanuni iliyomkataa. Faili inayongoja haina haki hiyo. Mfanyakazi hana haki hiyo. Aliyekataliwa anayo. Hakuna aliyekikumbuka kifungu hicho isipokuwa yeye aliyekipiga chapa mwaka 2008. Siku zilizobaki za Januari alizunguka kwa miguu Mabanga na Ndosho, akawafikia wote kumi na mmoja waliokataliwa kabla yake, akawaeleza. Wote watakuja, naye ni wa kumi na mbili. Mkutano ni Jumamosi tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi. Hata Papa Achille amepelekewa barua, na aliyeipeleka ni yeye mwenyewe, saa saba mchana.

Kwa desturi, mstaafu wa Tubebane hupewa kitenge na saa ya ukutani. Mama Katungu aliomba insulini. Tulichanga vizuri, hata mlinzi alitoa, lakini tangu uwanja wa ndege ufungwe dawa hiyo haipatikani kwa kuwa na pesa tu. Duka la dawa la kituo linawawekea wenye kadi kwanza, na ile inayobaki, siku nyingi haibaki. Tulizunguka mji mzima tukapata chupa moja. Pamoja na ile iliyo kwa muuza jus, inamfikisha tarehe tisa Machi. Hesabu hiyo aliifanya yeye, akairudia mbele yetu, na hakukosea.

Komite, wafanyakazi na familia zote za chungu kimoja wanakushukuru, Mama Katungu, kwa kila jina uliloliandika na kila mlango ulioubisha. Mimi nakushukuru kwa kunisahihisha mbele ya watu, na nakuomba msamaha mbele ya watu haohao. Wastaafu wengine tuliwatakia miaka mingi ya mapumziko. Wewe, kuanzia tarehe tisa hadi mkutano wa tarehe kumi na nne Machi, tunakutakia hizo siku tano.

Gauthier Aksanti
Ofisi ya Wanachama, Tubebane