Kokoto za Besi ya Pili

Benchi lenyewe ni ubao wa lori la miwa uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ya stendi ya Santa Rufina, chini ya bati la Doña Tula, mama muuza kahawa. Birika lake la kahawa limeungua mpaka limekuwa jeusi kama roho ya refa. Hapo ndipo timu ya besiboli ya mji inapopangwa, inapovunjwa na kupangwa tena kila asubuhi, kocha apende asipende. Timu inaitwa Garrobos, jina la ile mijusi mikubwa inayoota jua juu ya mawe ya volkano na kuishia kwenye supu. Na Santa Rufina mambo yako hivi: kinachosemwa benchi asubuhi, jioni kinapigiwa kelele jukwaani. Ukisifiwa hapa, hata mpira ukikupita watu wanakupigia makofi. Ukichafuliwa hapa, mwana, tafuta mji mwingine wa kuishi. Msimu huu Garrobos wako mkiani, na wala hawapiti njia. Wamekaa kabisa, wamekunja na miguu.

Asubuhi hiyo Yader, kijana ambaye mtaa mzima unamwita Nyenje kwa sababu akianza kuongea hazimi, alikaa mwisho wa ubao kimya, kahawa imempoa mkononi. Jana yake kocha alimshika bega nyuma ya duka la dawa akamwambia: kesho saa tisa njoo uwanjani na glovu yako, besi ya pili ni yako. Mzee nitaongea naye mimi mwenyewe mchana. Mpaka hapo usifungue mdomo.

Mzee ndiye Evenor Picado, wanamwita Upawa kwa jinsi anavyouchota mpira chini kama mtu anachota supu. Analinda besi ya pili, pale katikati ya uwanja, toka Nyenje hajaota jino.

Usingizi haukuja. Furaha ilikuwa inamsukuma huku, woga unamvuta kule. Alichotaka ni kitu kimoja tu: benchi liseme lenyewe kwamba Upawa akapumzike. Wakisema wao, yeye ni mrithi. Wasiposema, yeye ni mwizi, na jioni jukwaa lote litamwambia hivyo kwa sauti.

— Bomoa yote! — alifungua Nusu Gari, dereva wa teksi ambayo siku zote nusu iko barabarani na nusu iko gereji. — Timu ikifika hapa huchomoi skrubu moja, unashusha injini. Warushaji wote nje. Mdakaji nje. Tubaki na basi.

— Basi lenyewe bovu, — alisema Doña Tula.

— Basi nje pia!

— Ndio maana gari lako halitembei, kaka, — alimjibu Don Filadelfo, fundi cherehani. Huyu wanamwita Askofu, kwa vile kila mwaka ndiye anayeshika mti wa mbele wanapoibeba sanamu ya Santa Rufina, mtakatifu wa mji, kuizungusha mjini. — Unabomoa hata ugonjwa hujaujua. Ugonjwa ni jezi. Tulikuwa kijani, tukawa tunashinda. Mwaka huu wametuletea njano. We umewahi kuona garrobo wa njano?

— Mimi nawaona, — alisema Doña Tula. — Kwenye sufuria.

— Ndiyo hilo hilo! Garrobo wa njano ni marehemu. Tunapeleka marehemu uwanjani halafu tunashangaa hawakimbii!

Nusu Gari akajipiga paja.

— Tena hapo umegusa penyewe, mzee. Sufuria! Jumamosi wachezaji walikula nini? Supu ya garrobo. Mtu anakula jina lake mwenyewe, usiku jina linamgeukia tumboni, kesho yake atapiga mpira saa ngapi? Huyo aliyewapikia ile supu ndiye katumaliza.

— Nimepika mimi, — alisema Doña Tula, mkono kiunoni. — Rudia.

— Nasema ilikuwa tamu, mama. Nilikuwa naelekea huko.

— Elekea haraka.

— Supu siyo, — alikata Askofu. — Dawa ninayo, ila najua mtanicheka. Uwanja ugeuzwe.

— Ugeuzwe vipi?

— Ugeuzwe! Sasa hivi mpigaji wetu akisimama, mbele yake iko volkano. Inamwangalia. Nani anapiga mpira huku anaangaliwa na kitu kama kile?

— Na wageni je? Si inawaangalia na wao?

— Wageni haiwajui. Sisi inatujua toka tunatambaa.

Hilo likawaingia. Nusu Gari alitazama volkano kule juu ya mapaa, moshi kidogo kwenye mdomo, akageuza kikombe chake upande wa pili. Nyenje akaona upenyo ndio huu.

— Sawa, uwanja tugeuze, — alisema, akijitahidi sauti itoke kama ya mtu asiye na haja. — Na besi ya pili je?

Doña Tula aliacha kukoroga sukari.

— Besi ya pili imefanyaje? — aliuliza Askofu, pole pole.

— Sijasema kitu, Don Fila. Nauliza tu. Si tunabomoa? Jumapili mpira umempita Upawa katikati ya miguu na mechi imeishia hapo hapo. Watu wote wameona. Magoti yale jamani...

— Tumeona, — alikubali Nusu Gari. Akaweka kikombe chini kabisa, akajifuta grisi kwenye suruali, akavuta pumzi. Nyenje akasogea karibu. — Ngoja tuambizane ukweli, wanaume kwa wanaume, Doña utatusamehe. Evenor amezeeka. Mbio hana. Kupiga ndio usiseme, yule hajawahi kupiga mpira ukavuka ukuta hata kwa msaada wa upepo. Kwa hiyo mimi kwa upande wangu nasema, huyu mtu... — akasita. Midomo ikaanza kumchezacheza. — Nyie, mnaikumbuka ile siku na wale wa bandarini?

Nyenje akafumba macho. Siyo hiyo. Yoyote ila hiyo.

— Nani asiikumbuke! — Askofu alishasimama. — Lile jitu lao lenye masharubu! Lilikuwa linarusha moto. Watoto wetu wote wanakwenda, wanarudi wameburuta magongo kama kuni. Akaingia Upawa. Jitu likarusha, akaugusa kidogo, ukatoka pembeni. Haihesabiwi, rusha tena. Likarusha, akaugusa, pembeni. Rusha tena!

— Mimi niliuza birika zima kwenye zamu yake ile moja, — alisema Doña Tula. — Nikaenda nyumbani kuchemsha jingine, narudi, bado yuko pale anagusagusa.

— Jitu likaomba maji!

— Likamwambia, baba, si inatosha?

— Na yeye akalijibu nini? — Nusu Gari alikuwa keshashika gongo la hewani, kiuno kimebinuka. — Akasema, sina pa kwenda leo! Mwisho jitu likachoka, likarusha mpira laini kama papai. Upawa akaudokoa tu, hivi, ukaenda kuanguka pale ambapo hapana mtu. Mechi imeisha. Yule hakupiga mpira, yule alimpiga mtu usingizi!

Walicheka mpaka Askofu akashika bati asianguke. Hata Nyenje alicheka, hakuweza kujizuia. Siku ile alikuwa amekaa ukutani, mdogo, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka kwa siku kadhaa. Ndiyo siku aliyosema mimi nitacheza pale.

— Sasa mwanaume wa namna ile, — Nusu Gari alikaa, akihema, — unamwendea unamwambia nini? Kapumzike?

— Hiyo zamani, — Nyenje aling'ang'ania. — Mimi naongelea Jumapili.

— Jumapili mpira uliruka, dogo. Mimi nilikuwa karibu. Uligonga kokoto.

— Kokoto pale? — Askofu akavua kofia, maana sasa mazungumzo yaliingia kwenye eneo lake. — Hapo umekosea, kaka. Uwanja mzima una kokoto, volkano ikikohoa tu zinatumwagikia mpaka kwenye maharage. Lakini besi ya pili? Pale ni unga wa mahindi. Mpira unakwenda kama umewekwa juu ya meza. Na sababu mnaijua. Kila mwaka tukimzungusha Santa Rufina, tunamtua wapi tukichoka? Pale. Ardhi ile ina baraka. Kokoto haithubutu.

Hakuna aliyebisha. Mji mzima unajua hivyo. Akina mama wanachota udongo wa besi ya pili wanautia kwenye vyungu vya maua, na wageni wakija kucheza, vijana wa mji wanawaonyesha kwa kidole: pale, usiteme mate.

— Basi Jumapili baraka ilikwenda wapi? — aliuliza Nyenje.

— Jezi, — alisema Askofu. — Nimewaambia. Njano.

— Mgonjwa hakuwa, hilo nawahakikishia, — alisema Nusu Gari. — Asubuhi yake nilikuwa naye. Ile teksi yangu, Lada, ilinizimia darajani, akapita na baiskeli, ndoo inaning'inia kwenye usukani, nikadhani anakwenda kuchukua samaki. Akashuka akanisukuma mpaka gereji. Fundi wa gereji naye hayupo, tukaisukuma tena kurudi kwangu. Asubuhi yote ikaishia hapo. Namwambia Evenor, una mechi leo, ananiambia ndio maana nina haraka, sukuma. Sasa mtu wa magoti mabovu anasukuma Lada?

Kwenye kona ya ubao kulikuwa na mwanamke mmoja mgeni, kikapu cha jibini mapajani kimefunikwa na jani la mgomba. Alikuwa anangoja basi la Ocotal. Kahawa alishamaliza, alikuwa anawasikiliza tu, kichwa kinakwenda huku na huku.

— Samahanini baba zangu, — alisema. — Huyo Upawa ndiye mrefu, mwembamba, ana kofia ya kijani iliyopauka?

— Ndiye huyo. Unamfahamu, mama?

— Simfahamu. Basi langu huwa linanishusha pale uwanjani, jua ndio linatoka. Nikipita namkuta amepiga magoti katikati ya uwanja, ana ndoo, anaokota kokoto. Anapapasa chini na kiganja kama mtu kadondosha sindano. Leo nikamuuliza, baba umepoteza nini? Akasema sijapoteza, ndio kazi yangu ya asubuhi. Mimi nilijua ni mfanyakazi wa uwanja.

Wote walimkodolea macho. Mwanamke akaona labda hawajamwelewa.

— Nauliza tu, kwa sababu nawasikia mnaongea habari ya yeye kuondoka. Akiondoka, zile kokoto ataokota nani?

Kwenye benchi lile Nyenje ameshasikia watu wakijibu nani ataongoza nchi, kwa nini kuku wa jirani hatagi, na volkano italipuka mwezi gani. Hili halikupata mtu. Askofu alivaa kofia, akaivua, akaitazama ndani kama jibu limeshonewa humo.

— Ndoo, — alisema Nusu Gari mwishowe, kwa sauti ndogo. — Jumapili. Alikuwa anakwenda... Na mimi nikamshusha kwenye baiskeli.

— Asubuhi yote, — alisema Doña Tula.

— Asubuhi yote, mama.

Miaka yote hiyo, asubuhi zote hizo, wao walikuwa hapa hapa, wanaijenga timu.

Nyenje alitazama viganja vyake. Alipokuwa mdogo alicheza pale kila jioni, yeye na watoto wa mtaa, na mpira ulikuwa unamjia umenyooka, unaingia kwenye glovu wenyewe, mpaka akajiambia kwamba ana kipaji. Kila alipojiota yuko besi ya pili, alijiona anaruka, anajitupa, jukwaa limesimama. Hata siku moja hakujiota amepiga magoti.

Doña Tula aliinamisha birika juu ya kikombe cha Askofu. Likatoka tone, likafuata jingine, basi.

— Imeisha, — alisema.

Kwa kawaida hapo ndipo watu hukung'uta suruali na kuondoka. Siku hiyo hawakuinuka, mpaka Nyenje aliposimama.

— Doña, ile ndoo ya kuoshea vikombe. Niazime.

— Ya nini?

Kocha alimkataza kufungua mdomo. Hakumkataza kubeba ndoo. Nyenje akanyoosha mkono tu kuipokea. Askofu alimtazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akaona viatu vya mchezo vimepigwa brashi mapema yote hiyo, hata jua halijakaza.

— Kumbe wa besi ya pili ni wewe, — alisema.

Nyenje alingoja tusi. Nusu Gari alijikuna kidevu, akatazama chini, akatazama volkano, akapapasa funguo mfukoni.

— Nikupeleke, dogo? Labda ikiwaka...

— Asante, bro. Nataka niwahi.

Doña Tula alimwaga maji ya vikombe barabarani, akaifuta ndoo ndani kwa ncha ya aproni yake, taratibu, kama anaiandaa kwa maziwa. Akampa.

— Irudi, — alisema. — Na ukifika, kabla hujagusa kitu, muulize Evenor huwa anaanzia upande gani.