Chumvi ya Yaya Constance

Wachungaji wetu, majirani wa Juru, nanyi mliotoka Mbarara, mimi ni Gad, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, na mkiona sauti inakatika mnivumilie.

Yaya Constance, dada yetu mkubwa, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1981 huko Baraka, Kivu ya Kusini, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1993, kisha akauza samaki wa chumvi pamoja na mama yetu, na sisi wadogo tulimcheka sana, maana alilamba chumvi ya mikononi kama mbuzi. Tarehe 7 Agosti 2001 alifunga ndoa na Thaddée, Mungu akawapa Gisèle, Bienvenu na Grâce, na mwaka 2012 vita vikawaleta hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akaendelea na samaki wake, na mizaha yake, sokoni.

Mwaka 2019 miguu ilianza kulegea, vidole vikakakamaa, tukatibu malaria, tukatibu taifodi, tukasema ni karuho, sumu ya watu, tukamnywesha dawa za kutapisha, maskini Yaya wangu. Halafu mimi, mjuaji, nikaamua kosa ni chumvi, nikaificha, nikapita nyumba kwa nyumba kukataza majirani wasimpe hata kidogo, naye akazidi kuanguka.

Tarehe 3 Machi 2025, huko Mbarara, baada ya kupima damu na mkojo mara tatu, daktari alitueleza kwamba figo zake zilikuwa na ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa, zilimwaga chumvi ya mwili, na ile hamu ilikuwa mwili ukijitafutia dawa. Nililia mbele ya watu. Yeye alicheka, akanituma chumvi. Alipata miezi minane ya kutembea tena hadi sokoni, kisha akaharisha siku mbili, na tarehe 9 Novemba moyo wake ukasimama tukiwa njiani kumrudisha hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wauza samaki wenzake, na kila aliyemsaidia kumbeba, na mdogo wetu Anne, mpenda chumvi vilevile, atapimwa wiki ijayo. Lakini Mama Cansilde, jirani yetu Mrundi, namshukuru peke yake, kwa sababu miaka yote ile alimfungia Yaya chumvi ndani ya jani la mgomba, na daktari alisema ndiyo iliyomfikisha Mbarara akiwa hai. Mama, nilikukataza, hukunisikia, Mungu akubariki.

Yaya, pumzika kwa amani, chumvi iko mezani.