Kikombe Kilichopelekwa Osiri

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya nitakayosema sitayarudia. Irine, zima hiyo redio. Jacktone, keti mahali nikuone.

Shamba la hapa Magunga mgawane kwa mpaka wa mkonge kama nilivyowaonyesha, na ng'ombe wa marehemu mama yenu asiuzwe. Hayo yamekwisha. Sasa sanduku.

Sanduku hili la mbao nimelifunga nyuma ya baiskeli miaka thelathini na minne, nikiwa padri wa Kianglikana, padri wa watu wasio na kanisa wala barabara. Ndani mna kikombe kidogo, kisahani, chupa ya divai, kopo la mkate na kitambaa alichoshona mama yenu. Likifunguliwa juu ya jiwe, jiwe lile ni madhabahu. Likifunguliwa kando ya kitanda cha mgonjwa, hapo ni kanisa.

Nami nilipolazwa hospitalini, wewe Jacktone, mzaliwa wangu wa kwanza, ulikichukua kikombe ukakipeleka machimboni Osiri kwa mnunuzi wa dhahabu! Akakikwangua ukingo kwa tupa, akakuta shaba tupu chini ya ule mng'aro, akakucheka. Ukakirudisha sandukuni, ukafunga, ukanyamaza. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Jumapili niliyotoka hospitalini nilibebwa kwa pikipiki hadi kwa nyanya Zilpah, yule kipofu wa mlimani, aliyeingojea meza ya Bwana tangu Pasaka. Nikamnywesha. Akashika mdomo, akasema, "Padri, kikombe chako kimeota jino." Damu, Jacktone! Mama wa miaka tisini katokwa damu mezani pa Bwana, halafu akanifanyia mzaha ili nisione aibu.

Nilipokuuliza ukanijibu, "Baba, nilitaka kukipima tu." Kukipima! Siku hizi hata jua likichomoza mnatafuta mizani. Kikombe kile kilikwisha kupimwa, nyathina, mwanangu, na midomo ya wavuvi, ya wachimbaji, ya wanawake waliotoka kuzika watoto.

Basi sikilizeni. Sanduku ni la Irine. Najua wazee watasema binti aliyeolewa habebi kitu cha boma la baba yake. Waje waniulize kaburini. Padri mpya ana pikipiki lakini hana vyombo, na njia za mlimani hazijui. Irine, utakwenda naye kila mwezi. Fundi alainishe ukingo kwanza, mtu asikinywee kabla. Na wewe Jacktone, utalibeba sanduku mpaka kwa Zilpah, kwa miguu, umwambie kwa kinywa chako ni nani aliyemkata.

Maji, Irine... Yatosha.

Irine, Mungu akupe miguu isiyochoka, na nyumba yako isikose anayebisha hodi.

Jacktone... sogea. Hasira yangu haijapoa, usidanganyike. Lakini siondoki bila kukubariki. Mkono huu haunyanyuki. Unyanyue wewe... uweke kichwani pako. Hapo.

Usiutoe.