Spana Hii Akabidhiwe Mzee Ngigi

Mgeni rasmi, Bi. Magdalene Oluoch, msimamizi wa usalama wa malori wa kampuni ya usafirishaji. Mwenyekiti wetu, Bwana Mwau. Madereva, majirani, na nyinyi mliokosa viti mkaegemea matairi: hamjambo nyote. Risala hii inasomwa na Katunge, fundi wa pancha, kwa niaba ya mafundi wote wa magurudumu wa hapa Kamakis.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa furaha, na kwa aibu kidogo. Mara ya kwanza ulipofika hapa hatukukupa hata kiti, kwa maana ulikuja kuuliza gurudumu la trela yenu lilichomokaje, na sisi sote tulikuwa tunaangalia viatu vyetu. Leo kuna hema, kuna soda, na kuna mbuzi anayechomwa hapo nyuma. Moshi ukikufikia, tunaomba uuvumilie.

Umekuja kutukabidhi spana ya kipimo, ile ambayo mafundi huita toki renchi. Tumefurahi mno. Hata hivyo, tuna ombi moja kuhusu mkono utakaoipokea, na maneno yetu yote yanaelekea hapo.

TULIKOTOKA

Kituo hiki kilianzishwa na Mzee Ngigi wa Murera, siku ambazo hapa palikuwa na vumbi na mti mmoja wa kufungia mbuzi. Alikuja na jeki, wili spana na paipu ya chuma. Karibu kila mmoja wetu alijifunzia kazi mikononi mwake, na karibu kila mmoja amewahi kufukuzwa naye asubuhi na kuitwa kula naye mchana.

Mgeni rasmi, sisi tulikuwa na desturi yetu, nayo iliitwa kusimama. Nati za trela zikishakazwa kwa mkono, wili spana ilivalishwa ile paipu ili mpini urefuke, na Mzee Ngigi akapanda mwisho wake, mkono mmoja kwenye tairi, akasimama. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye tumbo la heshima. Paipu ilishuka polepole chini ya uzito wake, kisha ikagoma. Ikigoma, nati imetosha. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kusimama. Mwau alionekana mwepesi, na wengine walidaiwa kuwa na haraka ya kukata bolti. Dereva akitaka kuondoka alituuliza neno moja tu, kama mzee amesimama, na akiambiwa ndiyo alikwenda hadi Malaba roho ikiwa imetulia.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamwingia mzee. Mwili ukaanza kuisha. Mkewe, ambaye wengi mnamwita Mama Bedan, ametueleza jinsi alivyopunguza suruali zake kwa cherehani, akapunguza tena, naye mzee akizivaa hivyo hivyo. Aliendelea kuja kazini. Tulimletea uji usio na sukari, tukamwambia apumzike, tukamtania kwamba ovaroli yake sasa ingetosha watu wawili. Tuliona kila kitu isipokuwa ile paipu. Yeye alipanda na kusimama kama kawaida, nayo ikagoma kama kawaida, na hakuna aliyefikiri kwamba ilikuwa inagoma mapema, kabla nati haijatosha.

Ndipo asubuhi moja trela yenu, ikiendeshwa na dereva Mumo, ikatoka hapa, na kabla haijafika mbali gurudumu likachomoka. Liliteremka peke yake kando ya barabara, likaingia kwenye magunia ya makaa ya Bwana Nzioki na kulala humo. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu hadi leo. Bwana Nzioki ametusamehe, na ndiye anayetuchomea huyo mbuzi.

Ulipokuja, uliuliza nati zilikazwa kwa kipimo gani. Mzee Ngigi aliinuka kwenye kigoda chake akakujibu mwenyewe.

"Nilisimama, mama. Nilisimama tu vile mimi husimama."

Ulimtazama, ukaitazama ile ovaroli inavyoning'inia mabegani, na tukaona umeelewa kabla yetu. Hukumkaripia. Ulisema, "Pole, baba." Yeye akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda na kwenda nyumbani. Tangu hapo hajashika spana hapa. Kampuni yenu ikaacha kutuletea trela mpaka tuwe na kifaa cha kupimia, na tunakiri kwamba ilikuwa haki.

TULIVYOICHAGUA SPANA

Ulituambia tuchague wenyewe, nanyi mtanunua. Tulibishana hadi chai ikapoa. Fundi mwenzetu Wavinya alileta moja aliyoipata kwa bei nzuri, kumbe ni ya magari madogo, kipimo chake kinaishia pale ambapo nati ya trela ndiyo kwanza inaanza kukaza. Vijana walitaka ile yenye kioo cha namba na betri. Tulichanganyikiwa, na kusema kweli tulijifanya tumechanganyikiwa kuliko tulivyokuwa, ili tupate sababu ya kwenda Murera.

Mwau na Katunge walimkuta mzee akikata nyasi za nepia za kulisha ng'ombe. Hakugeuka, lakini alijibu. Alisema kwanza waangalie mwenye kutengeneza trela ameandika kipimo gani, halafu watafute spana ambayo kipimo hicho kinaangukia katikati ya namba zake, wala si mwishoni ambako inajitesa. Kioo cha namba alikikataa. Alisema jua la Kamakis na vidole vya grisi vitakimaliza. Akataka inayolia ikifika kipimo, maana masikio yake yaliharibiwa na kompresa ya kujazia upepo lakini mlio ule huingia hata kiganjani. Wakati huo alikuwa anazungumza juu ya kiganja chake mwenyewe, kana kwamba ndicho kitakachoishika, naye hakutambua alichosema. Wao walitambua kwa niaba yake.

Kisha akaweka panga chini na kuuliza mpini una urefu gani. Mwau akamwambia upo mfupi na upo mrefu.

"Chukueni huo mrefu," akasema. "Aliyekonda avute, mnene avute, ilie mahali pamoja."

Alikubali kuandamana nao hadi duka la spana huko Thika, eti wasije wakauziwa feki. Katika duka hilo kuna bolti iliyochomelewa kwenye meza ya chuma kwa wateja kujaribia. Mzee aliipanga spana, akaivuta taratibu, miguu yote miwili sakafuni. Ikalia. Akailegeza bolti, akavuta tena, ikalia pale pale. Akavuta Mwau, ambaye siku hizi ana kifua, akavuta Katunge, nayo haikumpendelea mtu. Mzee aliwatazama wote kwa zamu, na uso wake ukawa uso tuliokuwa tumeukosa. Akarudisha kipimo hadi chini kabisa, maana ndivyo inavyowekwa ili springi isichoke, akaipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Mwau akamwambia basi arudi nayo kazini.

"Hii ni ya mtu wa kazi," akajibu. "Mimi nilishaangusha gurudumu."

Akaenda kuwangoja nje, kwenye jua.

CHANGAMOTO

Katika risala nyingi, hapa ndipo watu hulia juu ya maji, umeme na choo. Sisi pia hatuna choo cha maana, lakini leo tunakiacha kipumzike.

Kuhusu spana hatuna wasiwasi. Tumejifunza kwamba si ya kufungulia nati, ni ya kukazia tu. Haivalishwi paipu hata siku moja. Bolti husuguliwa kutu kwanza, nati hukazwa kwa kupishana, na trela ikishatembea kidogo zinaangaliwa tena. Kila mwaka itapelekwa ikapimwe kama bado inasema kweli. Na ile paipu ya zamani tumeistaafisha: ndiyo inayoshikilia hema hili, upande wako wa kushoto.

Changamoto yetu ni mtu. Mzee anaamini kwamba kosa ni lake. Sisi tunasema hivi, mbele yako na mbele ya mkewe: kwa miaka mingi alitupa mwili wake uwe kipimo, tukautumia na kula kutokana nao. Ugonjwa ulipouchukua, ilitupasa tuuone unavyopungua, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukimtazama kila siku. Yeye hakuwahi kubadilika. Alisimama pale pale. Mzee Ngigi, tunakupenda, na hapa bila wewe tunafanya kazi tu, hatuna raha nayo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ratiba uliyopewa inasema spana ipokewe na mwenyekiti. Mwenyekiti amekataa. Tunaomba umkabidhi Mzee Ngigi. Ameketi safu ya mwisho, karibu na mlango wa hema, kando ya Mama Bedan. Aliambiwa amealikwa kuja kula mbuzi. Tulimdanganya, na Mama Bedan alitusaidia kumdanganya, ndiyo maana amevalishwa koti zuri.

Tena, mgeni rasmi, usimkabidhi humu ndani. Nje kuna trela ya kwanza mliyotuletea tangu siku ile. Gurudumu lake tumelivalisha na nati tumezishikisha kwa mkono tu, jeki bado iko chini yake. Dereva ni Mumo, yule yule, ambaye aliomba mwenyewe apewe safari hii. Kigoda kipo pale, na ovaroli iko juu yake. Mama Bedan ameshaipunguza. Mumo amesema hatatia ufunguo mpaka mzee akaze nati zote mwenyewe, miguu yake ikiwa chini, na sisi wote tuisikie spana ikilia.

Mungu akulinde, Bi. Magdalene, pamoja na nyumba yako, na kila gurudumu linalotoka hapa lifike linakokwenda na kurudi. Mzee, inuka basi, nyama bado haijaiva.

Ni sisi uliotufundisha, Mafundi wa Magurudumu wa Kamakis.