Fundi Timazi na Sala Yenye Pengo

Wachungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani mliokuja kulia nasi, mdogo wetu huyu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Timazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa baba mwashi na mama mshonaji, akaanza shule mwaka 1960 na kuiacha mwaka 1966, si kwa kukosa ada kama alivyopenda kusimulia, bali kwa uvivu wa kusoma, na tusidanganyane mbele ya jeneza.

Mwaka huohuo alishika mwiko wa baba na uvivu ukamtoka, akajenga nyumba, madarasa na ukuta wa kanisa hili, timazi ya kupimia haimtoki mfukoni hata siku ya harusi yake, na ukuta ukienda upande kwa unene wa kucha aliubomoa, mwenye nyumba apende asipende. Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama huyu aliyeketi mbele, aliyemvumilia mengi, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja, kipenzi cha baba, na wavulana wanajua.

Binti huyo alifariki tarehe 2 Juni 2003 akijifungua, akaacha kichanga cha kike ambacho babu na bibi walikilea. Tangu hapo marehemu hakuacha ibada, ila Sala ya Bwana ikifika pale tunapomwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, alifumba mdomo, akangoja wenzake wapite, ndipo akaendelea nao. Dada yetu alimkemea, akamwuliza kama siku hizi amekuwa mkubwa kuliko Mungu, naye akajibu kwamba akisema asichokikubali atakuwa anamdanganya Mungu, na Mungu si kiziwi.

Sasa, mjukuu alijifunzia kusali kwa babu, kwa hiyo alijifunza na pengo lake. Mwaka 2010, katika shule ya Jumapili, alisimama akasali kwa sauti, akafika pale akanyamaza, akaendelea, watoto wakacheka, mwalimu akamwambia amesahau, naye akabisha kwamba ndivyo sala ilivyo, babu yake hakosei. Akarudi nyumbani analia, akamtaka babu aseme nani mwongo, yeye au mwalimu.

Marehemu aliketi kizingitini akamwambia Mungu, mkewe akimsikia kutoka jikoni, kwamba uchungu bado anao, kwamba kifo kile hakukielewa na hakielewi, lakini yeye mwenyewe amejengea watu nyumba kwa ramani zao, na hakuna tofali lililowahi kumwuliza linapelekwa wapi. Kisha akamwita mtoto, akamfundisha sala yote, bila pengo. Tangu siku hiyo, kanisani aliyasema maneno yale, ila polepole, nyuma ya watu wote, mpaka mchungaji akazoea kumngoja.

Mwaka 2019 vumbi la saruji lilimshika kifua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, akafariki alasiri ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, mkono wake ukiwa mikononi mwa mjukuu huyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia akizikosoa kuta za wodi, majirani waliotuletea maji na chakula, na mafundi wenzake waliolijenga kaburi wakalipima vizuri, maana walimjua. Sasa tutasali sala ile, sote pamoja, na tukifika pale, tafadhali, asiharakishe mtu.

Pumzika, mdogo wetu, amani ya Mungu ikufunike.