Mbuzi wa Seme

Mzee mmoja mwenye ploti Kabiro alikuwa amepewa kalenda ya 1996 kwenye duka la simenti. Tangu basi litoke mjini alimwonyesha mama aliyeketi naye maajabu ya dunia, mwezi baada ya mwezi, kana kwamba yote ni ploti zake. Nduta, fundi wa nguo aliyekuwa kiti cha nyuma, alikuwa amechoka kabla hata ya Aprili, kwenye ziwa la pinki la Machi.

Agosti ilikuwa mawe makubwa kama nyumba, yamebebana mpaka mawinguni.

"Hata kwetu Seme, kando ya ziwa, mawe kama haya yako," mama akasema. "Nimekulia chini yake."

"Mama, hii ni majuu, kwa wazungu. Kwenu ni samaki tu."

Mama akafungua kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akatoa picha: wanakwaya wadogo kama siafu, na nyuma yao mawe yamebebana vile vile.

Mzee akacheka. "Hii ni pazia ya studio. Hata mimi nimepigwa picha kando ya ndege, na sijawahi kupanda."

"Angalia hapo juu kabisa. Pazia gani inabeba mbuzi?"

Mzee akavaa miwani. Nduta naye akainuka kidogo, akamwona: mbuzi mweupe, amesimama juu ya jiwe la mwisho kama mwenye ploti.

Basi likasimama Adams, wanaposhukia watu wa Kibera. Mama akachukua picha yake, akaelekea mlangoni shingo juu.

"Ngoja kwanza," mzee akaita. "Huyo mbuzi alipanda aje?"

"Kuja Seme umuulize," mama akasema, akashuka.